UZI: Safari ya boti ya wanafunzi Mto Rufiji, tuanze na kina cha maji

Pondo Refu

Wakuu, vikundi vya wanafunzi wa wanyamapori vinaanza tena kushuka Rufiji, na maswali ni yale yale: viboko tuwapitie upande gani, mafuta kiasi gani, simu zitatosha, maji ya mto yana kichocho? Tuyaweke hapa mahali pamoja. Nazungumzia kipande kilicho ndani ya Hifadhi ya Taifa Nyerere, kuanzia chini ya Korongo la Stiegler, pamoja na maziwa yake ya Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu. Kule juu Kilombero na Luwegu zinapokutana, kwenye maporomoko ya Shuguli, ni mto mwingine wa mawe, sigusi.

Kabla ya yote, tafuteni pondo. Mti mnyoofu wa mita nne, mwepesi, usiopinda. Pigeni rangi nyekundu alama mbili kutoka ncha ya chini: ya kwanza sentimita 60, ya pili mita moja na nusu. Hiyo pondo itawasaidia kuliko ramani yoyote, maana fungu la mchanga la mwaka jana mwaka huu halipo, limehamia kwingine.

Kwa nini alama hizo? Mashine ya shafti fupi inataka karibu sentimita 60 za maji ili pangaboi lisile mchanga. Mita moja na nusu ndiyo kina ambacho kiboko mkubwa anasimama miguu chini na pua juu, na kuanzia hapo kwenda chini ni makazi yake. Kiboko haogelei kama mbwa. Mwili wake unazama, anatembea na kukimbia juu ya sakafu ya mto. Akishtuka anakimbilia kina, hata kama alikuwa amelala ukingoni juani. Sasa boti ikiwa imesimama kati yake na kile kina, ndiyo inayopigwa, kwa sababu imeziba mlango wake.

Kwa hiyo ukanda wa boti ni ule ulio kati ya alama mbili. Kina waachieni wenyewe. Wapiteni upande wa maji mafupi, umbali usiopungua mita 50, ambao ni kama boti saba za mita saba zikipangwa omo (mbele ya boti) kwa tezi (nyuma yake). Mkikuta wamelala kwenye maji mafupi au juu ya mchanga, msipite mara moja. Simameni mbali, waoneni wakiingia majini na kushuka kwenye shimo lao, ndipo mpite pale walipotoka.

Kusoma maji: kwenye kona, upande wa nje ndio wenye kina na ukingo uliokatika wima, upande wa ndani kuna fungu. Mbele yenu mkiona maji yamechora V iliyochongoka kuelekea mnakoshuka, hapo katikati pana njia. V iliyochongoka kuja kwenu mkiwa mnashuka ina kisiki au gogo kwenye ncha yake. Vijiwimbi vidogo vidogo vinavyong'aa mahali pasipo na upepo ni mchanga uliokaribia juu.

Na jambo jipya ambalo wazee wa mto hawakulijua: tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, maji ya chini yake hayafuati mvua peke yake. Yanafuata pia kinachofunguliwa bwawani. Ulizeni lango la hifadhi kila asubuhi. Jioni chomekeni kijiti chenye mikato kwenye ukingo wa maji, mkiamka mnajua yamepanda au yameshuka kiasi gani.

Mbuga_Kwanza

Shikamoo mkuu. Hapo kwenye mita 50 nimekwama. Mikono ya mto inayounganisha maziwa kuna mahali ni myembamba, upana mita 20 tu, na viboko wamo. Hapo inakuwaje?

Pondo Refu

Marahaba. Swali zuri, na ndipo ajali nyingi za viboko na boti zinapotokea.

Simameni mita 100 kabla, omo ikiwa imeelekea juu ya mkondo ili mashine iweze kushikilia boti bila kugeuka. Gongeni ubavu wa boti kwa pondo, mara tatu, pumzika, mara tatu tena. Sauti inasafiri chini ya maji na wale waliozama wanapanda kutazama. Mtu mmoja tu ahesabu vichwa, kwa sauti. Kiboko mkubwa hukaa chini dakika tatu hadi tano, akishtuka anaweza kuzidisha, kwa hiyo hesabu ya dakika moja haina maana. Ngojeni dakika nane. Mkihesabu saba, kisha saba, kisha saba, na wote wamekusanyika upande wa shimo, piteni upande wa pili kwa mwendo mmoja usiobadilika.

Mkihesabu saba halafu sita, msiende. Huyo mmoja asiyeonekana ndiye wa kuogopa kuliko sita wanaowatazama.

Ishara za kuzijua: kupiga miayo kwa mdomo wazi kabisa ni onyo, hana usingizi. Kutawanya mavi kwa mkia ni dume anayesema eneo ni lake. Mstari wa mapovu unaosogea kuja upande wenu, au maji yaliyovimba kama mto wa kulalia yakikimbia bila kichwa kuonekana, huyo tayari anakuja. Ongeza moto, nenda moja kwa moja kuelekea maji mafupi, usisimame kutazama. Watu wote wakae chini, katikati, mikono ndani.

Na wakikataa kuondoka, rudini. Mkono mwembamba ni wao.

Tulia Majini

Mimi naona mnafanya kelele nyingi. Njia nzuri ya kuhesabu ni kuzima mashine na kuelea na mkondo kimya kimya, wanyama hawashtuki kabisa.

Pondo Refu

Ndugu yangu Tulia, hapa tutofautiane waziwazi maana wanafunzi wanasoma. Boti iliyozimwa haina usukani. Mkondo unaipeleka unakotaka, na mara nyingi unaipeleka upande wa nje wa kona, kwenye kina, yaani juu ya viboko. Na wao hawajui ipo wapi. Mashine inayonguruma taratibu inawaambia mlipo na mnaelekea wapi, wanapata nafasi ya kujipanga. Kiboko anayeibuka na kukutana na ubavu wa boti uso kwa uso ndiye anayeng'ata.

Kwa ndege, sawa, zimeni mkiwa kwenye maji yasiyo na viboko. Tena kwenye mafungu ya mchanga wakati wa ukame kuna ndege weusi na weupe wenye mdomo mwekundu, kipande cha chini kirefu kuliko cha juu, wanavua kwa kuukata uso wa maji. Wanataga moja kwa moja juu ya mchanga, chini kabisa karibu na maji. Wimbi la boti moja iliyopita kwa kasi linatosha kuosha mayai. Mita 100 kabla ya fungu lolote lenye ndege, punguzeni mpaka boti isitoe wimbi.

Fundi Plagi

Naongezea mashine, maana boti yenye mashine iliyokufa katikati ya viboko ni boti iliyozimwa, tumesharudi kwenye hoja ya Tulia.

Mafuta kwanza. Mashine ya mipigo miwili iliyokwisha kulainika inachanganywa 50 kwa 1: petroli lita 20, oili mililita 400. Si kifuniko, si kukadiria kwa jicho. Tumia chupa yenye mistari, na oili iwe ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji, siyo ya pikipiki. Tia oili kwanza kwenye dumu, petroli lita tano, tikisa, kisha malizia. Oili ikipungua, pistoni inakwama. Ikizidi, plagi zinajaa masizi na mashine inakataa kuwaka ikiwa ya moto. Mashine ya mipigo minne haitaki kuchanganywa kabisa, oili yake ina mahali pake.

Kukadiria unywaji: mipigo miwili moto wote, shika karibu nusu lita kwa kila nguvu farasi kwa saa. Ya farasi 25 ni lita 12 hivi kwa saa. Kwa mwendo wa kati inashuka sana. Gawa mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja haliguswi. Mkishuka na mkondo asubuhi kumbukeni jioni mnaupanda, hapo ndipo watu wanapoishiwa. Kama saa mbili za kushuka zimekula lita 10, msitegemee lita 10 ziwarudishe.

Adui wa mashine Rufiji ni mchanga. Pampu ya maji ina impela ya mpira yenye mabawa laini, na mchanga unaitafuna. Nyuma ya mashine kuna tundu linalorusha maji kama uzi. Mwendeshaji alitazame kila dakika chache:

- Uzi ni mnene na wa vuguvugu: salama.
- Uzi umekatika ghafla baada ya kugusa mchanga: tundu limeziba. Zima, chokoa kwa waya mwembamba, washa tena.
- Umechokoa na bado ni dhaifu, maji yanatoka ya moto sana: impela imekwisha. Usiendeshe. Dakika chache tu zinatosha kuunguza gasketi ya kichwa.

Beba impela ya akiba, plagi mbili na spana yake, pini za pangaboi kama mashine yako ni ya aina ya pini, waya wa kufungia, kamba ya kuvutia, koleo. Pini ikikatika ujue imefanya kazi yake, imekubali kufa ili giaboksi ipone. Usiweke msumari mgumu badala yake, siku nyingine kitakachokatika ni gia.

Kwenye maji mafupi fungua loki ya kuinamia, ili mashine ikigonga iinuke yenyewe. Ukirudi nyuma lazima uifunge, vinginevyo mashine inajinyanyua na pangaboi linakata hewa. Wengi wanasahau hapo hapo, wakati wa kurudi nyuma haraka kukimbia kiboko.

Na kamba ya kuzimia ifungwe mguuni mwa mwendeshaji kabla mashine haijawaka. Mwendeshaji akirushwa, boti isiyo na mtu inazunguka duara na kurudi juu yake na pangaboi likizunguka. Ndiyo kazi ya ile kamba nyekundu.

Mbuga_Kwanza

Fundi, tukipwelewa? Tushuke tusukume?

Fundi Plagi

Zima kwanza. Ukilazimisha, pangaboi linachimba shimo, pampu inajaa mchanga, na boti inakaa vizuri zaidi. Inua mashine. Watu wahamie upande wenye kina, boti iiname kidogo na kunyanyua tumbo. Sukuma kwa pondo kurudi ulikotoka, siyo kwenda mbele. Kama mlikuwa mnapanda mto mna bahati, mkondo unawarudisha wenyewe. Mkipwelewa mkiwa mnashuka, mkondo unazidi kuwabandika, kwa hiyo unaposhuka nenda polepole kuliko unapopanda.

Kushuka majini ni hatua ya mwisho, na ni pale tu maji ni ya magoti, yanaonekana chini, pondo imeshapigwa pande zote, na askari wa hifadhi amekubali. Mamba ajibu mwenye mamba.

Ukingo Salama

Nachukua hapo. Mamba wa Nile kwa kawaida hamfuati mtu katikati ya mto ndani ya boti. Anawinda ukingoni, mahali mnyama au mtu anarudi kila siku saa ile ile. Huyo ndiye tatizo la kambi.

Msichote maji mahali pamoja mara mbili mfululizo. Msichutame kwenye ukingo. Tumieni ndoo yenye kamba ya mita tatu kutoka juu ya boti iliyofungwa, au kutoka ukingo wa juu. Msioshe vyombo wala kutupa utumbo wa samaki majini mnapolala. Miguu isining'inizwe ubavuni. Mkiona mamba juu ya mchanga mdomo wazi, anajipoza, hajawakusudia, ila msikate kati yake na maji. Wakati wa ukame jike hulinda kiota kwenye mchanga kwa miezi mitatu hivi. Akibaki pale pale badala ya kuteleza majini kama wenzake, ana sababu, ondokeni.

Hema zikae mbali na njia za viboko. Utazijua: mfereji laini uliopanda kutoka majini, mara nyingi una mistari miwili ya nyayo na nyasi katikati. Usiku wanatoka kula nyasi kilomita kadhaa na alfajiri wanarudi kwa njia hiyo hiyo, hata kama hema lipo juu yake.

Darubini

Upande wa takwimu na simu. Walimu wengi wanapoteza data ya siku tatu kwa mambo madogo sana.

GPS ya simu haihitaji mtandao, ila ikianza kutafuta satelaiti bila mtandao inachelewa. Washeni mahali penye mtandao kabla ya kuingia, acheni ishike, pakueni ramani ya eneo lote kwa matumizi ya bila intaneti, ndipo muweke hali ya ndege. Kwenye simu nyingi GPS inaendelea kufanya kazi, na betri haimalizwi na simu inayotafuta mnara usiokuwepo. Hilo la kutafuta mnara ndilo linaloua betri porini kuliko kioo.

Fomu za ODK Collect au KoboCollect, programu za simu za kukusanya takwimu, zinajazwa bila mtandao vizuri kabisa. Pakueni fomu tupu kwenye kila simu kabla ya safari, zimeni kutuma kiotomatiki, na punguzeni ukubwa wa picha hadi pikseli 1024 upande mrefu, la sivyo kutuma kutachukua usiku kucha. Jazeni fomu moja ya majaribio mpaka mwisho mkiwa bado nyumbani. Swali la lazima lililokosewa linafunga fomu nzima na porini hakuna wa kulirekebisha.

Sasa kosa kubwa. Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000 ziko kwenye mfumo wa majira ya ramani uitwao Arc 1960. Simu inatoa mfumo mwingine, WGS 84. Namba zinafanana sura, kanda ni ile ile ya UTM 37 Kusini, lakini nukta moja inahama takriban mita 300. Mita 300 kwenye Rufiji ni kutoka fungu la mchanga hadi katikati ya msitu. Mkiona viboko wenu wote wako nchi kavu kwenye ramani, msilaumu simu. Andikeni mfumo juu ya kila karatasi na mbadilishe kwa programu, siyo kwa mkono.

Umeme: betri ya akiba iliyoandikwa mAh 20,000 inahesabiwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ina Wh 74. Theluthi hivi inapotea kwenye kubadili volti na joto, inabaki kama 50. Simu ya mAh 5,000 inakula karibu 19. Mtachaji mara mbili na nusu, siyo nne. Simu ikiwa juani juu ya benchi la alumini inajizima kwa joto hata betri ikiwa imejaa, iwekeni kivulini, kioo chini.

Ikizama: zimeni, futeni, msichomeke chaja. Isimamishwe tundu la chaja likitazama chini mahali penye upepo, siku moja au mbili. Mchele hauyavuti yale maji, unaongeza vumbi kwenye tundu. Mfuko usiopitisha maji unafungwa kwa kukunja mara tatu na kuacha hewa ndani ili uelee. Mkunjo mmoja si kufunga.

Kuhesabu viboko: kila kundi hesabuni mara tatu, chukueni namba kubwa kuliko zote, msijumlishe wala kutafuta wastani, kwa kuwa kosa linakwenda upande mmoja tu, la kuwakosa waliozama. Andikeni saa, upande wa mto, na kina kwa pondo. Safu ya kina haimo kwenye fomu nyingi na ndiyo yenye faida kuliko zote ukitaka kulinganisha miaka.

Mbuga_Kwanza

Asanteni sana. La mwisho, afya. Kuna anayesema tumeze dawa ya kichocho siku ya kurudi ili tuwe salama. Ni kweli?

Maabara ya Chini

Hapana mdogo wangu, na hili nalieleza kirefu kwa sababu ushauri huo unatolewa kila mahali na haufanyi kazi.

Vijidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ukingoni na kwenye maziwa, si katikati ya mkondo unaokimbia. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri. Vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, haihitaji kidonda. Kwa hiyo hatari yenu ni wale wanaosukuma boti saa sita kwenye matete, na wale wanaooga ukingoni. Maji yaliyochotwa yakakaa kwenye pipa siku mbili bila konokono hayaambukizi tena, vijidudu vinakufa. Au yapasheni hadi nyuzi 50 kwa dakika tano. Kuoga tu, ya kunywa chemsheni kabisa. Kujifuta kwa taulo kwa nguvu kunaweza kusaidia kidogo lakini msikutegemee.

Kuhusu dawa. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa. Siku ya kurudi, mdudu aliyeingia jana bado ni mchanga na dawa inampita tu. Atakomaa wiki kadhaa baadaye, na wewe umeshaamini umetibiwa. Kipimo nacho ni hivyo hivyo: mkojo wa wiki ya kwanza hauna mayai, damu bado haina kinga za kuonekana. Ngojeni wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho ya kugusa maji, ndipo mpime. Mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai ya kichocho cha kibofu yanatoka kwa wingi. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400, vidonge vinne vya 600, apange mhudumu wa afya. Wakati mwingine hurudiwa baada ya wiki chache kwa ajili ya minyoo iliyoponea mara ya kwanza.

Kati ya wiki ya pili na ya nane mtu akipata homa, kikohozi kikavu na mwili kuvimba vipele vinavyowasha, huo unaweza kuwa mwili unaopambana na minyoo inayokua. Aeleze waziwazi kwamba aliingia maji ya mto, na tarehe.

Kwa walio na watoto wadogo kando ya mto, kuna habari njema ya kweli. Kwa miaka mingi watoto chini ya umri wa shule waliachwa nje, kidonge ni kikubwa na kichungu. Sasa ipo arprazikwanteli, kidonge kinachoyeyuka majini, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Shirika la Dawa la Ulaya liliitolea maoni chanya Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likaipitisha kwenye orodha yake ya dawa zilizohakikiwa ubora mwaka 2024.

Ukingo Salama

Daktari, ongezea malale. Mbung'o wa pale wanauma kupitia shati.

Maabara ya Chini

Kweli, na ndiyo homa ninayoihofia kuliko kichocho. Katikati ya mto mbung'o ni wachache, wanaingia botini mnapopita chini ya miti au kusimama kivulini. Wanavutwa na buluu na nyeusi, na kitu kinachotembea. Vaeni kaki au kijivu, kitambaa kizito, mikono mirefu. Dawa za kupaka za mbu haziwazuii vya kutosha.

Malale ya Afrika Mashariki inakwenda haraka, wiki chache tu tangu kuumwa. Wakati mwingine panaanza kivimbe kigumu chekundu pale mbung'o alipouma. Halafu homa. Hapa sikilizeni: mtu akirudi kutoka Rufiji na homa, kituo kitapima malaria kwa mRDT, kile kipimo cha haraka, na ni sahihi kuanza hapo. Ikitoka hasi, au ikitoka chanya, akatibiwa na homa isiondoke, asirudi kulala. mRDT haiwezi kuona malale kamwe. Aombe damu itazamwe kwa hadubini, na amwambie fundi wa maabara neno hili hili: nilikuwa kwenye mbung'o, tafuta tripanosoma. Hao ndio vijidudu vya malale, kwenye tone bichi la damu chini ya kioo wanaonekana wakijipinda na kuzisukuma chembe nyekundu, ukiwahi kuwaona huwezi kuwachanganya na kitu kingine. Asiyeambiwa anatafuta vijidudu vya malaria tu na kufunga kazi.

Tiba nayo imebadilika. Zamani ilikuwa suramini ya mshipa, na ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, melasoproli, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya kila ishirini. Desemba 2023, mwezi ule ule wa dawa ya watoto, feksinidazoli ilipata maoni chanya kwa aina hii ya Afrika Mashariki, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 ukaiweka mbele kwa wenye umri wa miaka sita na kuendelea, uzito kilo 20 na zaidi. Ni vidonge, mara moja kwa siku kwa siku 10, na lazima vimezwe pamoja na chakula, tumbo tupu dawa hainyonywi vya kutosha. Inatolewa chini ya uangalizi, haiuzwi dukani.

Mbuga_Kwanza

Nimeelewa. Kwa hiyo kwenye fomu ya kila mwanafunzi niongeze mstari wa tarehe ya mwisho kugusa maji?

Maabara ya Chini

Ongeza, na mahali alipogusa: mkondo, ukingo wenye majani, au ziwa. Tarehe ya kupima iandike hapo hapo, wiki nane mbele, na simu ya kiongozi iweke kengele. Wiki nane baadaye mtakuwa kwenye mitihani na hakuna atakayekumbuka.

Darubini

Na orodha hiyo iwe kwenye karatasi pia, kwa penseli, ndani ya mfuko. Wino unayeyuka.

Pondo Refu

Mbuga, asubuhi ya kuondoka msiwahi sana. Ngojeni jua lipande kidogo, kama saa moja na nusu asubuhi, viboko wa usiku wawe wamesharudi majini na mwanga uwe wa kutosha kuona V kwenye maji. Jua likiwa chini usoni mwenu huwezi kusoma kitu, maji yote yanang'aa. Mkilazimika kwenda hivyo, mtu mmoja akae omo na pondo, achome kila urefu wa boti mmoja, na atamke: nyekundu ya chini, katikati, nyekundu ya juu. Mwendeshaji asikilize sauti hiyo tu.